Sadaka Inahesabiwa, Madaraka Hayakaguliwi

Kiongozi Mkristo huacha kukua siku anapokosa mtu mwenye ruhusa ya kumwuliza maswali. Anaweza kuendelea kuhubiri vizuri, kujenga, kuongeza washarika na kualikwa kwenye makongamano, huku kukua kwake kwa ndani kumekwisha zamani. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha uongozi wachungaji, wazee wa kanisa na wakuu wa shule na hospitali za madhehebu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini watumishi wenye vipawa vikubwa huanguka wakiwa wamekwisha kufika juu. Wengi hutarajia nitaje shetani, fedha au uzinzi. Hayo yote yapo. Lakini ukifuatilia kisa baada ya kisa unakuta yameingia kwa mlango mmoja: mtu alipewa mamlaka, na hapakuwa na wa kumkagua.

Kinachonisikitisha ni kwamba kanisa linaijua kanuni hii vizuri sana, ila limeitumia mahali pamoja tu. Ingia ofisi ya usharika wa Kilutheri huku kwetu baada ya ibada ya Jumapili. Wazee watatu wa zamu wamekaa mezani, mlango umerudishwa. Vikapu vinamwagwa. Noti za shilingi 1,000 zilizokunjwa mara nne, nyingine zimefunguliwa asubuhi ileile kutoka pindo la khanga, zinanyooshwa kwa kiganja na kulazwa zielekee upande mmoja. Sarafu za 200 na 500 zinapangwa kumi kumi. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika daftarini. Hesabu zikipishana kwa shilingi 500 wote wanaanza upya, hata kama njaa inauma na mnada wa ndizi na mayai unawasubiri nje. Sahihi zinawekwa, na Jumapili inayofuata kiasi kinasomwa kwenye matangazo mbele ya kila mtu. Sijawahi kumsikia mzee akilalamika kwamba amevunjiwa heshima kwa kuwa mwenzake amerudia kuhesabu alichohesabu yeye.

Utaratibu huo una mizizi mirefu. Mtume Paulo alipokusanya michango ya makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuibeba peke yake. Sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho inaonesha jinsi alivyomtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anaieleza waziwazi: hataki mtu yeyote apate neno la kumlaumu, na anataka mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele ya wanadamu pia. Huyu ni mtu aliyekwisha kupigwa mawe kwa ajili ya Injili. Kama kuna aliyekuwa na haki ya kusema moyo wake unajulikana mbinguni na inatosha, ni yeye. Hakusema hivyo. Aliomba macho mengine yawepo.

Sasa yachukue madaraka ya mtu yuleyule anayesimama madhabahuni. Nani amehamishwa kituo na kwa sababu gani. Nani amepewa kazi kwenye shule ya kanisa. Katibu muhtasi anasemeshwa vipi mlango ukifungwa. Gari la usharika limekwenda wapi siku ya Jumanne. Mzee aliyepinga ujenzi wa ukumbi mwaka jana amepangiwa zamu gani mwaka huu. Hakuna meza wala watu watatu, hakuna daftari, na hakuna Jumapili ambayo mambo hayo yanasomwa. Shilingi 500 inatafutwa mpaka ipatikane, lakini mtu aliyeonewa akaondoka kimya hatafutwi na yeyote.

Andiko ninalolitumia kuliko mengine darasani ni sura ya 12 ya Samweli wa Kwanza, na nashangaa ni mara chache mno kulisikia likihubiriwa siku ya kumwingiza mchungaji kazini. Samweli amezeeka. Israeli wamepata mfalme. Mzee anasimama mbele ya taifa zima, mfalme mpya akisikia, na anaomba wamshuhudie: amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amemwonea nani, amepokea rushwa kwa nani ili afumbe macho? Na anaahidi kurudisha. Watu wanajibu kwamba hakuchukua kitu. Ona jinsi maswali yenyewe yalivyo. Hakuuliza kama wanampenda, wala kama huduma yake imewabariki, maswali ambayo jibu lake hujulikana kabla ya kuulizwa. Alitaja ng'ombe na punda, vitu ambavyo mwenyewe akipotewa anakumbuka rangi yake. Aliuliza mbele ya watu wenye uwezo wa kujibu na mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulazimisha malipo.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili unaouma. Sura nne kabla ya hapo tunasoma kwamba wanawe, Yoeli na Abiya, aliowaweka kuwa waamuzi Beer-sheba, walipenda mali, wakala rushwa na kupotosha hukumu. Samweli hakuwagundua kwa ukaguzi wake. Wazee wa Israeli ndio waliokusanyika wakamfuata Rama kumwambia, na walipofika walikuwa wamechoka kiasi kwamba hawakuomba vijana wale waonywe. Waliomba mfumo mzima ubadilishwe, wapewe mfalme kama mataifa mengine. Mimi nasoma hivi: mikono ya Samweli ilikuwa safi, ila swali lake kuu alilileta mwishoni, wakati wa kukabidhi. Lingekuwa linaulizwa kila mwaka, na likawagusa wale aliowateua, huenda Beer-sheba isingeoza mpaka watu wakate tamaa. Usafi wa mtu mmoja haurithiwi na ofisi yake.

Kwa nini basi mtu mwema, anayeomba na kufunga, aache kukua kwa sababu tu hakaguliwi? Angalia jinsi mahubiri yake yanavyokua. Mhubiri akisimama, majibu anayapata palepale: watu wanaitikia amina au wananyamaza, wanaandika au wanatazama saa, mtoto analia na hakuna anayemtuliza kwa kuwa hakuna anayesikiliza. Wiki kwa wiki anajirekebisha, hata bila kujua. Baada ya miaka 15 ni mhubiri mzuri sana. Hasira yake je? Siku alipomfokea mhasibu mbele ya wageni, mhasibu alisema samahani Baba. Alipochelewa kikao kwa saa mbili, wajumbe walisimama kumpokea. Alipobadili uamuzi wa halmashauri peke yake, walimshukuru kwa maono. Kila kosa lilirudi kwake likiwa limevikwa shukrani. Hivyo vipawa vinanolewa kila Jumapili ilhali tabia inabaki pale ilipokuwa siku ya kubarikiwa, na pengo kati ya hivyo viwili linapanuka mwaka hadi mwaka bila yeye kuliona. Akianguka tunashangaa jinsi mtu aliyehubiri vile alivyoweza kutenda vile. Mimi sishangai tena. Tulikuza kitu kimoja na kuacha kingine.

Tena cheo kinabadilisha habari zinazomfikia mtu. Alipokuwa mwinjilisti wa mtaa, mchungaji wake alimwita na kumwambia wazi kwamba anachelewa na anasema sana. Alipokuwa mchungaji, mkuu wa jimbo aligusia tu. Sasa amekuwa mkubwa, wanaomzunguka ni watu anaowateua, anaowalipa na anaoweza kuwahamisha. Hawamdanganyi, wanachagua tu la kumwambia na la kuliacha. Yeye naye anausoma ukimya wao kuwa ni kukubali. Kuomba peke yake chumbani hakuzibi pengo hilo, kwa kuwa mtu hupeleka mbele za Mungu yale anayoyaona, na haya ndiyo asiyoyaona. Daudi alikuwa mwimbaji wa Mungu, lakini mambo ya Bath-sheba na Uria yalikaa mpaka Nabii Nathani alipoingia na kisa cha mwanakondoo wa maskini.

Hata kisa tunachokipenda zaidi kuhusu uongozi, Yesu kuwaosha wanafunzi miguu, tumekisoma nusu. Kila semina inatufundisha kushika beseni na taulo. Ni sawa, na viongozi wengi hulishika kwa hiari: wanatembelea wagonjwa, wanagawa vyakula kwa yatima, wanapiga picha. Sehemu ngumu ya kisa kile iko kwa Petro. Petro alikuwa tayari kuosha miguu ya ulimwengu mzima; alichokataa ni kuuonesha mguu wake mwenyewe ukiwa na vumbi. Yesu alimjibu kwa ukali kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Kiongozi anayewahudumia wote lakini haruhusu yeyote aone vumbi lake yuko pale Petro alipokuwa kabla ya kukubali. Nimekutana na unyenyekevu mwingi wa sauti ya chini, wa kuinama na kushika mkono kwa mikono miwili, ambao ulitoweka mara tu hesabu za mradi zilipoombwa.

Hoja zinazolikwepa swali

Hoja ya kwanza inayotajwa ni Zaburi ya 105, pale Mungu anapokataza kuwagusa masihi wake. Mstari huo umewekwa midomoni mwa watu wengi kama kufuli. Soma mistari iliyoutangulia. Zaburi inawazungumzia mababa, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaoonywa ni wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwaangamiza. Ni ulinzi wa wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Kuugeuza uwe ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mama mjane anayeuliza michango ya ujenzi imekwenda wapi ni kulipindua Neno. Daudi mwenyewe, ambaye ndiye anayetajwa kama mfano wa kuwaheshimu wapakwa mafuta, kule En-gedi alikataa kumwua Sauli akakata tu pindo la vazi lake. Halafu akafanya nini? Alitoka pangoni akapaza sauti, akamwonesha pindo lile na kumwuliza kwa nini anamwinda bila kosa. Mkono hakuunyosha, swali aliliuliza. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila shida.

Wengine husema wanawajibika kwa Mungu peke yake. Kauli hiyo inasikika ya kiroho, ila mitume hawakuishi hivyo. Katika sura ya 2 ya Wagalatia, Paulo anasimulia jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, mbele ya watu wote, kwa sababu Petro alikuwa akila na waamini wa Mataifa na kisha akajitenga nao walipofika watu kutoka kwa Yakobo. Petro alikuwa na uzito kuliko Paulo katika kanisa la wakati ule. Aliulizwa hata hivyo, na hakuvuliwa utume wake kwa kuulizwa, wala Paulo hakuitwa mwasi.

Halafu kuna wanaosema kwamba kumhoji mkubwa ni mambo ya kizungu, kwamba Mwafrika humheshimu mzee. Hapa nakataa kwa nguvu zote, maana ni kuisingizia mila yetu. Nenda msibani ambako mtani yupo. Mnyamwezi kwa Mzaramo anaweza kuzuia shughuli, kumkejeli marehemu aliyekuwa mbahili, kumwambia mkubwa wa ukoo ukweli ambao mwanawe hathubutu, na hakuna wa kumgusa. Jamii zetu zilijua kwamba mkubwa anahitaji mtu asiyemwogopa, zikamtengenezea nafasi na kumpa kinga. Na ukitaka mfano wa Biblia unaofanana na mila zetu, mchukue Yethro. Ni mkwe, mgeni, kuhani wa Midiani, wala si Mwisraeli. Anamtazama Musa akiamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, anamwambia wazi kwamba afanyacho si chema na kitamchosha yeye na watu, kisha anampangia wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, watu wanaochukia mapato ya dhuluma. Musa aliyezungumza na Mungu mlimani alimsikiliza mkwewe, akafanya yote aliyoambiwa.

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya jambo hili, na ni aibu kwamba vijana wengi wa vyuo vya theolojia wanajua majina ya waandishi wa Marekani kuliko kuijua. Mwaka 1929, Simeon Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Uamsho uliofuata katika miaka ya 1930 ulienea Rwanda, Uganda, Bukoba, Kenya na kwingineko. Wengi wanaukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza. Mimi naukumbuka zaidi kwa ule ushirika wa kila wiki, ambamo ndugu walikaa pamoja kutembea nuruni. Mwalimu, mkulima, mpishi wa misheni na kasisi waliketi kwenye benchi moja na kuitana ndugu. Mpishi aliweza kumwambia kasisi kwamba jana aliposema vile alikuwa na kiburi, na kasisi akatubu palepale. Daktari mzungu naye aliulizwa, katika enzi ya ukoloni, jambo ambalo nje ya mkutano ule lilikuwa karibu haliwezekani. Wakubwa hawakufurahi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa kwa ajili ya uamsho huo.

Tazama waliotoka katika shule ile ya uamsho. Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, tangu 1977 hadi 1984. Janani Luwum aliokoka katika uamsho mwaka 1948, akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda mwaka 1974. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na uonevu. Siku ya tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa. Siamini ujasiri wa namna ile huzuka siku ya hatari. Mtu aliyezoea kuambiwa ukweli na wadogo zake miaka karibu 30 amejifunza kwamba ukweli hauui heshima, na siku ikifika anaweza kuupeleka hata Ikulu.

Hata hivyo, lazima tuseme na lililoharibika. Katika sehemu nyingi toba ya ushirika ikawa orodha ya mazoea: pombe, tumbaku, hasira ya nyumbani. Ukabila, ardhi, ukaribu wa viongozi na dola, hayo hayakuwekwa nuruni. Gahini iko Rwanda, na Rwanda ndiko mwaka 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa ndani ya takriban siku 100, wengi wao ndani ya makanisa walikokimbilia, kama Ntarama na Nyarubuye. Viongozi wa makanisa, Waanglikana na Wakatoliki, walikuwa wamekaa karibu mno na utawala. Askofu mkuu wa Kikatoliki wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya chama tawala cha MRND. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi mwaka 2016 kwa ajili ya waamini wao walioshiriki, na Papa Francis akaomba msamaha wa Mungu mwaka uliofuata. Kwa hiyo ninaposema ukaguzi simaanishi watu kukutana kulia pamoja. Namaanisha swali linalogusa mamlaka: umekaa meza ya nani, umepokea nini, umenyamazia nini.

Nyumbani tuna mfano mwingine, wa mlei. Julius Nyerere, Mkatoliki wa ibada ya kila siku, alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kuijenga TANU mikoani. Sijui kiongozi mwingine wa wakati ule aliyeachia kiti kikiwa bado na joto hivyo. Mwaka 1967, Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi yanayogusa mfuko wa kiongozi mwenyewe na mwenzi wake: hakuna mishahara miwili, hakuna hisa, hakuna nyumba ya kupangisha. Mwaka 1985, akiwa Rais, akaondoka Ikulu kwa hiari. Nampenda sana Mwalimu, na kwa sababu hiyo nasema na hili: mwaka uleule wa 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na ilitumika katika utawala wake. Alijibana upande wa mali kuliko karibu wote wa kizazi chake. Upande wa madaraka hapakuwa na chombo chenye nguvu ya kumbana. Wema wake ulizuia mengi. Waliozuiliwa gerezani hawakusaidiwa na wema huo.

Pa kuanzia

Leo mbunge na waziri wa Tanzania wanajaza tamko la mali na madeni kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba, kwa sheria ya maadili ya mwaka 1995. Fomu hiyo ina upungufu wake, ila ipo. Mkuu wa huduma yenye waumini maelfu, anayepokea sadaka kila siku ya juma, hajazi chochote. Mabadiliko rahisi kuliko yote yanaanzia kwenye simu. Sadaka isitumwe kwenye namba binafsi ya mtumishi, wala ya mkewe au mumewe. Iwepo lipa namba yenye jina la kanisa, na anayeweza kutoa fedha awe zaidi ya mmoja, wasio ndugu. Zile bahasha za kumbariki mtumishi zisipigwe marufuku, kwa kuwa watu wetu wana haki ya kushukuru, ila ziandikwe daftarini na kiasi kijulikane kwa halmashauri. Mchungaji aliyeanza kufanya hivyo huwa wa kwanza kulala usingizi mzuri, nimewasikia wakisema.

Likizo ni ukaguzi ambao haumfedheheshi mtu. Benki huwalazimisha watumishi wake kwenda likizo kwa siku mfululizo, maana mchezo mchafu hujitokeza mwenye nao asipokuwepo kuulinda. Kiongozi wa kanisa aende mwezi mzima, kiti chake kikaliwe na mwingine mwenye mamlaka kamili ya kusaini na kuamua, na simu ya ofisi abaki nayo huyo. Tutajua mawili: kama kuna kilichofichwa, na kama kuna aliyeandaliwa. Anayesema kazi itakufa akiondoka siku 30 ametuambia mwenyewe kwamba miaka yote hiyo hakumkuza mtu.

Kila kiongozi atafute pia mtani wake wa kiroho: mtu wa rika lake, wa dhehebu lingine au mji mwingine, asiyemtegemea kwa mshahara wala uhamisho. Wakutane kila mwezi. Maswali yasiwe ya jumla. Umemfokea nani? Umetumia nini kisicho chako? Nyumbani wanasemaje? Nani hujazungumza naye tangu kikao kile? Watu wa nyumba wana ushahidi kuliko sisi sote, na dereva na mfagizi wa ofisi wanafuata. Paulo anapomwandikia Timotheo sifa za askofu anaitaja nyumba yake mapema, na anataka awe na ushuhuda mwema hata kwa walio nje.

Na lile swali la Samweli liwekwe kwenye kalenda. Mara moja kwa mwaka halmashauri ikae na kiongozi wake kwa ajenda hiyo moja, mwenyekiti akiwa mtu mwingine, ikiwezekana kutoka jimbo. Kabla ya kikao, mwenyekiti huyo azungumze faraghani na watu wasio na kiti kwenye halmashauri: kina mama wa kikundi, vijana wa kwaya, watumishi wa ofisi, na hasa watu walioacha kuja kanisani mwaka huo. Hao wa mwisho ndio wanaojua ng'ombe wao alikokwenda. Kiongozi ajibu, na palipo na cha kurudisha, arudishe kwa tarehe iliyoandikwa. Katiba ya usharika iseme kwamba mzee au mtumishi aliyesema ukweli katika kikao hicho hataondolewa wala kuhamishwa kwa miezi 12 bila idhini ya ngazi ya juu. Bila kinga hiyo hakuna atakayefungua kinywa, na hatutakuwa na haki ya kuwaita waoga.

Sharika nyingi huandaa bajeti miezi ya mwisho wa mwaka, na huo ndio wakati mzuri wa kuipenyeza ajenda hii. Kuna viongozi watakaoikubali kwa furaha kuliko wajumbe wanavyodhani, kwa kuwa upweke wa juu ni mzito na wengi wao wanatamani mtu wa kuwaambia kweli. Kuna watakaoikataa. Ikikataliwa, katibu aandike kwenye muhtasari kwamba ajenda ililetwa, nani aliileta, na sababu iliyotolewa ya kuikataa, muhtasari usainiwe, na mwaka unaofuata iletwe tena.